Rubani Bingwa Aliyewaonea Huruma Wanafunzi Wake

Mzazi wa Usevya, upande wa Mpanda, ampelekapo mwanawe kwa fundi ajifunze kazi, au kwa dereva ajifunze kuendesha gari, humkabidhi mtu mwingine uhai wa mtoto wake. Haulizi tu kama mwalimu huyo ni hodari. Hutaka kujua pia kama ni mwangalifu. Maswali hayo mawili si mamoja. Wako mahodari wasiofaa kufundisha, kwa kuwa wamesahau jinsi walivyokuwa wenyewe kabla ya kujua. Kwa sababu hiyo leo twasimulia habari za Erich Hartmann, Mjerumani aliyewapita marubani wote katika vita vya angani, kisha akawa mkuu na mlezi wa marubani wa ndege za jeti.

Alizaliwa tarehe 19 Aprili 1922 huko Weissach, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa daktari, na kwa miaka kadhaa jamaa hii ilikaa Uchina. Mama yake alikuwa rubani wa ndege zisizo na injini, zile zichukuliwazo na upepo, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe kuruka.

Mwezi wa Oktoba 1942 alipelekwa kupigana upande wa Urusi. Safari yake ya kwanza vitani ilikuwa aibu tupu. Kwa tamaa ya kumpiga adui alimwacha kiongozi wake, akapotea, akaishiwa mafuta, akalazimika kuitua ndege porini ikaharibika. Wakubwa wake walimwadhibu kwa kumtia kazini siku 3 pamoja na mafundi wa uwanjani. Hata hivyo hawakumfukuza. Kiongozi wake, Edmund Rossmann, alikuwa na mkono uliopata jeraha, hakuweza kuizungusha ndege kwa nguvu kama wengine. Kwa hiyo alikuwa amejizoeza kutazama kwanza, kupima mambo, ndipo kushambulia. Hartmann aliyashika mafundisho hayo, nayo yakamhifadhi hata mwisho wa vita.

Rubani aliyeangusha ndege 5 za adui huhesabiwa kuwa bingwa. Hartmann aliandikiwa ndege 352, idadi ambayo hakuna rubani wa nchi yoyote aliyeifikia. Lakini tusisahau kwamba aliutumikia utawala wa Hitler, ulioua mamilioni ya watu wasio na hatia. Ushujaa wa askari hausafishi uovu wa bwana wake, wala hatuandiki haya ili kuzisifu ndege zilizoanguka na vijana waliokufa ndani yake.

Vita vilipokwisha Mei 1945, alijisalimisha kwa Wamarekani, nao wakamtoa kwa Warusi. Alikaa kifungoni miaka 10. Mwanawe wa kwanza alizaliwa baba hayupo, akafa angali mdogo, wala baba hakupata kumwona. Mkewe Ursula alimngoja muda wote huo, hata aliporudi mwaka 1955.

Mwaka 1956 aliingia katika jeshi jipya la Ujerumani Magharibi. Ingawa alikuwa bingwa wa mabingwa, alikwenda Marekani akaketi tena darasani kama mwanafunzi, ili ajifunze ndege za jeti. Mwaka 1959 alipewa kikosi cha kwanza cha ndege za jeti za kivita katika nchi yake, huko Ahlhorn, chenye ndege aina ya Sabre. Kazi yake ikawa kuwafanya vijana wawe marubani kamili.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lililompa heshima kubwa zaidi machoni petu. Serikali yake ilinunua ndege mpya za Starfighter, zenye mwendo mkali ajabu na mabawa mafupi, zisizomsamehe rubani akikosea. Hartmann aliwaonya wakubwa kwamba vijana hawajawa tayari kwa chombo hicho, na kwamba yafaa wazoee kwanza ndege nyingine kabla ya kukipanda. Hawakumsikiliza. Ndege hizo zilikuwa 916, na kwa miaka iliyofuata karibu 300 zilipotea. Marubani zaidi ya 100 walikufa, tena si vitani, bali wakati wa amani. Mwaka 1966 Johannes Steinhoff, bingwa mwingine wa zamani aliyeungua vibaya katika ajali ya jeti mwaka 1945, alipewa uongozi wa jeshi la anga. Alizidisha mafunzo, akaagiza viti bora vya kuwarusha marubani nje ya ndege iliyo hatarini, na hali ikapata nafuu. Lakini Hartmann alikuwa amekwisha kuwachukiza wengi kwa maneno yake, akastaafu mapema mwaka 1970. Baadaye aliwafundisha raia kuruka, akafariki tarehe 20 Septemba 1993.

Mambo hayo hayakuwa mbali nasi. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi hiyo hiyo ilianza kuisaidia Tanzania kuunda jeshi la anga. Mwaka 1965, kwa ugomvi uliohusu Ujerumani Mashariki, iliwaondoa wataalamu wake, na Kanada ikaishika kazi ya kuwafundisha vijana wetu. Wazazi wa Tanzania nao waliwakabidhi wana wao kwa walimu wa mbali.

Basi, mwalimu wa shule, fundi wa karakana na dereva amfundishaye kijana, wote wamepewa amana ile ile. Aonaye kwamba mwanafunzi hajawa tayari, au kwamba chombo kina hitilafu, hana budi kusema, hata kama mkubwa wake atakasirika. Hartmann alisema akapoteza cheo. Wenye mamlaka walionyamaza walibaki na vyeo vyao, na kina mama zaidi ya 100 wakabaki na makaburi ya wana wao.