Semei Kakungulu: Mtawala Aliyekosa Kiti cha Enzi

Wengi wetu tupitao njia ya kutoka Jinja kwenda Mbale hatumkumbuki mtu aliyeshika madaraka makubwa katika miji hiyo yote miwili. Mtu huyo ni Semei Kakungulu.

Alizaliwa Koki karibu na mwaka 1869. Akiwa kijana alikwenda Buganda, akapata sifa kwa kuwinda ndovu. Alibatizwa Mprotestanti, na katika vita vya dini akawa jemadari hodari. Lakini yeye na Katikiro Apolo Kagwa hawakupatana. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa waliowakamata Kabaka Mwanga na Mfalme Kabalega katika nchi ya Lango.

Ndipo akaelekea mashariki na askari wake Waganda. Alijenga ngome, akafanya Budaka kuwa makao yake, akapanda migomba, akatengeneza barabara. Wenyeji hawakuulizwa. Wengi walipoteza ng'ombe na mashamba, wakatawaliwa na wageni wasiojua lugha zao.

Kakungulu alitumaini kuwa Kabaka wa Bukedi. Hata hivyo, mwaka 1902 Waingereza walimwondoa Budaka, wakampa maili za mraba 20 huko Mbale. Hakukaa akilia, bali aliujenga mji, na watu wengi wakaja kukaa na kufanya biashara.

Mwaka 1906 aliletwa Jinja kuwa Rais wa Baraza la Busoga, akawakusanya machifu waliokuwa wamezoea kujitegemea kila mmoja kwake. Aliondoka mwaka 1913, na baadaye Baraza likaongozwa na Msoga, Ezekieri Wako Zibondo, ambaye mwaka 1939 aliitwa Kyabazinga.

Kakungulu alirudi Mbale. Aliwafuata Wamalaki waliokataa dawa, kisha mwaka 1919 akatahiriwa na kushika dini ya Kiyahudi. Wafuasi wake, Abayudaya, wangali wanaishi karibu na Mbale. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928.

Je, tumwite shujaa au mnyang'anyi? Wagisu, Wagwere na Wateso wana haki ya kukumbuka machozi ya wazee wao. Lakini yeye naye alitumiwa kuwashindia wengine nchi, kisha akawekwa kando. Ndugu zangu, anayemtwalia bwana wake mali ya jirani asishangae bwana huyo akimnyima fungu.