Adolphe Quetelet: Mwalimu Aliyempima Mwanadamu

Miongoni mwa kazi za utafiti wanazopewa wanafunzi katika masomo ya hisabati na elimu ya viumbe, kupima mwili wa binadamu ni kazi inayopendwa sana. Vifaa vyake ni vichache: utepe wa fundi cherehani, ukuta uliotiwa alama, mizani na daftari. Hata hivyo, si walimu wengi wanaojua njia hii ilitoka wapi, na ni wapi ilipopotoka. Kwa hiyo tumeona yafaa tusimulie maisha ya Adolphe Quetelet, ambaye kabla ya kuwa mwanasayansi mashuhuri alikuwa mwalimu wa shule.

Quetelet alizaliwa Ghent tarehe 22 Februari 1796. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka saba, na haja ya kujipatia riziki ikamwingiza katika ualimu angali kijana. Alipofikia miaka 19 alikuwa akifundisha hisabati mjini kwake. Wakati huohuo alijifunza uchoraji na uchongaji. Jambo hili si dogo, kwani mchoraji hana budi kujua kichwa ni sehemu gani ya kimo, na mkono unafika wapi pajani. Mwaka 1819 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Ghent kwa kazi ya jiometri, kisha akahamia Brussels kufundisha.

Mwaka 1823 alitumwa Paris kujifunza falaki, kwa kuwa alitaka Brussels nayo iwe na kituo cha kuangalia nyota. Huko alijifunza kwamba nyota moja ikipimwa mara nyingi, vipimo havilingani kabisa. Vingi hukusanyika karibu na wastani, na vichache hutawanyika mbali kwa pande zote mbili. Mwaka 1830 mapinduzi yaliyozaa taifa la Ubelgiji yalichelewesha ujenzi wa kituo chake. Katika miaka hiyo aliigeuza elimu ya nyota kuwa elimu ya watu, na mwaka 1835 alitoa kitabu chake maarufu juu ya mwanadamu na maendeleo ya uwezo wake.

Alianza na watoto wachanga, akaendelea na watu wa kila umri. Alionyesha kwamba mtoto hakui kama picha inayokuzwa, bali kila kiungo kina mwendo wake. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake. Cha mtu mzima ni baina ya sehemu ya saba na ya nane. Miguu ndiyo inayorefuka zaidi. Aliona pia kwamba uzito wa watu wazima huongezeka takriban kwa kadiri ya mraba wa kimo. Kutokana na ugunduzi huo tumepata kipimo cha kugawa uzito kwa kilo na mraba wa kimo kwa mita, ambacho kilipewa jina linalotumika sasa duniani na Ancel Keys wa Marekani mwaka 1972.

Katika miaka ya 1840 Quetelet alichukua vipimo vya vifua vya askari 5,738 wa Scotland, akavipanga katika jedwali. Wastani ulikuwa karibu inchi 40, na idadi zilipungua pande zote mbili kwa utaratibu uleule wa vipimo vya nyota. Kisha akatazama vimo vya vijana 100,000 wa Ufaransa walioitwa jeshini. Hapo mpangilio ulivurugika: waliokuwa chini kidogo ya mita 1.57 walizidi mno, na waliokuwa juu kidogo ya hapo walipungua. Mita 1.57 ndiyo iliyokuwa kimo cha chini cha kukubaliwa jeshini. Quetelet alikadiria kwamba watu wapatao 2,000 walifanya hila ili wakwepe utumishi. Jedwali lilifichua siri ambayo hakuna aliyeisema.

Lakini hapo ndipo alipojikwaa. Hakutosheka kusema kwamba wastani ni muhtasari wa vipimo vingi. Alimfanya mtu wa wastani kuwa kielelezo cha ukamilifu, na kila tofauti ikawa kama kosa la maumbile. Mwanahisabati wa Ufaransa, Antoine Augustin Cournot, alimpinga mwaka 1843 kwa hoja ambayo mwalimu yeyote aweza kuiandika ubaoni. Tuchukue pembetatu mbili zenye pembe mraba: moja yenye pande 3, 4 na 5, nyingine 5, 12 na 13. Wastani wa pande zake ni 4, 8 na 9. Mraba wa 4 na mraba wa 8 jumla yake ni 80, ilhali mraba wa 9 ni 81. Pembetatu ya wastani haina pembe mraba! Vivyo hivyo, mtu aliyeundwa kwa wastani wa viungo vyote huenda asiweze kuwapo.

Baada yake wengine walitumia vipimo kuwapanga wanadamu kwa daraja. Katika Rwanda na Burundi chini ya utawala wa Ubelgiji, vimo na pua za watu zilitumiwa kuthibitisha kwamba baadhi yao walizaliwa kutawala, na katika miaka ya 1930 kabila likaandikwa katika vitambulisho. Hatusemi kwamba Quetelet aliyatenda hayo. Twasema kwamba utepe hauna dhamiri, dhamiri ni ya aushikaye.

Mwaka 1855 alipatwa na kiharusi kilichodhoofisha kumbukumbu yake, lakini hakuacha kazi. Alifariki Brussels tarehe 17 Februari 1874.

Kutokana na maisha haya, tunawashauri walimu mambo manne. Kwanza, kila kipimo kichukuliwe mara mbili na watu wawili, ili wanafunzi waone wenyewe jinsi vipimo vinavyotofautiana. Pili, daftari liwe na namba badala ya majina, na asipimwe asiyependa. Uzito wa mtoto usitangazwe mbele ya wenzake. Tatu, viwango vya watu wazima visitumiwe kuwahukumu watoto, kwani mwili unaokua una hesabu yake. Nne, wanafunzi wakishapata wastani, waulizwe ni wangapi miongoni mwao waliolingana nao hasa. Mara nyingi hatapatikana hata mmoja, na hilo ndilo somo lenyewe: wastani ni mali ya darasa zima, wala si kipimo cha thamani ya mtoto yeyote.