Maisha ya Mama Hertha Ayrton, Aliyechunguza Moto wa Umeme

Katika namba hii tunawaletea maisha ya mama mmoja wa Uingereza, jina lake Hertha Ayrton. Mama huyu hakutengeneza disjonkteri hata moja. Lakini mtu akituuliza namna gani disjonkteri inakata umeme ndani ya hewa tu, bila mafuta na bila maji, kazi yake inatusaidia sana kujibu. Ndiyo sababu tumemchagua.

Alizaliwa tarehe 28 mwezi wa 4 mwaka 1854 pale Portsea, katika mji wa Portsmouth. Wakati ule aliitwa Sarah Marks. Baba yake alikuwa Myahudi aliyekimbia kutoka Polandi, na kazi yake ilikuwa kutengeneza saa. Alikufa mwaka 1861, akaacha mjane na watoto saba, na wa nane tumboni. Mama akashona nguo za watu ili watoto wapate kula. Sarah alipofika miaka 9, dada ya mama yake aliyekuwa na shule mjini London akamchukua akasome kwake. Ni huko London, alipokuwa kijana, rafiki alipomwita Hertha, na jina hilo likabaki.

Akiwa na miaka 16 tu alianza kufundisha watoto katika nyumba za watu. Alitamani masomo ya juu, lakini pesa hakuna. Mama mmoja mwenye moyo mwema, Barbara Bodichon, akamsaidia, na mwaka 1876 akaingia Girton, nyumba ya masomo ya wanawake kule Cambridge. Akasoma hesabu, akafanya mtihani wa mwisho mwaka 1880. Sasa sikieni: Cambridge ilimpa karatasi ya kuonyesha amepita, lakini diploma yenyewe hapana, juu ya kuwa mwanamke. Wanawake walianza kupewa diploma kamili pale mwaka 1948 tu. Hertha hakukaa kulia. Akafanya mtihani mwingine wa iniversite ya London, na mwaka 1881 akapata diploma yake.

Mwaka 1884 alianza kufuata masomo ya umeme saa za jioni. Mwalimu alikuwa William Ayrton, mtu mwenye sifa katika elimu hiyo. Mwaka uliofuata wakaoana.

Siku zile, barabara za miji mikubwa ziliangazwa kwa taa za upinde wa moto. Tueleze kidogo. Vijiti viwili vya makaa vinagusana, umeme unapita. Ukivitenga kidogo, umeme haukatiki. Unaruka katikati kwa moto mweupe wenye joto la maelfu ya digrii. Moto huo ndio tunaita upinde. Waliowahi kuwaona mafundi wa kusude vyuma wameuona. Taa zile zilikuwa na shida: zilitetemeka, zilipiga kelele kama nyoka, na mwanga ulibadilika kila mara. Hakuna aliyejua kwa hakika sababu yake.

Bwana yake ndiye aliyeanza kuchunguza jambo hilo. Mwaka 1893 alipeleka maandiko ya kazi hiyo Chicago, kule Marekani, na huko yakaungua kwa bahati mbaya. Kazi ya muda mrefu ikawa majivu! Yeye hakuirudilia. Ni Hertha aliyeshika kazi yote tangu mwanzo, akapima moja kwa moja: urefu wa upinde, nguvu ya umeme, unene wa makaa. Akaona kwamba kelele inakuja wakati hewa inapofika kwenye shimo linalowaka la kijiti, na oksijeni yake inaungana na makaa. Alipofunga upinde ndani ya chombo bila kuingiza hewa, kelele ikaisha. Mwaka 1899 alisoma kazi hiyo mwenyewe mbele ya chama cha mainjinia wa umeme cha Uingereza, na mwaka ule ule wakampokea kuwa memba wao, mwanamke wa kwanza. Mwaka 1902 akatoa kitabu kikubwa juu ya upinde wa umeme.

Ndani ya kazi hiyo kuna hesabu inayotupeleka kwenye disjonkteri. Hertha aliuliza: ili upinde uendelee kuwaka, unadai volti ngapi? Kwa makaa aliyotumia alipata hivi: chukua 38.88. Ongeza 2.07 kwa kila milimita ya urefu wa upinde. Halafu chukua 11.66, ongeza 10.54 kwa kila milimita, gawanya yote kwa ampere zinazopita, na jibu lake uliongeze pale juu.

Tujaribu pamoja. Upinde wa milimita 2, ampere 10: unadai karibu volti 46. Tuurefushe mpaka milimita 6 kwa ampere zile zile: unadai karibu volti 59. Tupunguze umeme mpaka ampere 4: unadai volti 70. Mnaona? Kadiri upinde unavyokuwa mrefu, na kadiri umeme unavyopungua, ndivyo unavyodai zaidi ili uishi. Ukidai kuliko ile inayotolewa na mashini, unakufa. Fundi wa kusude anajua jambo hili kwa mkono wake: akivuta kijiti mbali, moto unazimika.

Sasa twende kwenye disjonkteri ya hewa. Wengi wanafikiri kwamba ukitenganisha vyuma viwili, umeme umekwisha. Hapana. Pale vinapoachana, sehemu ya mwisho inayogusana inapata joto kali sana, chuma kinageuka mvuke, na hewa yenyewe inaanza kupitisha umeme. Upinde umezaliwa. Kama waya zinalisha motere kubwa, umeme unasukuma tena zaidi, sababu mazinga yake hayapendi mwendo ukatwe ghafula. Basi kukata umeme ni kusema kuua upinde.

Disjonkteri inafanya hivyo kwa hatua tatu. Kwanza, resori yenye nguvu inatenganisha vyuma upesi, kwa hiyo upinde unavutwa kuwa mrefu. Pili, umeme wenyewe unatengeneza nguvu ya sumaku inayosukuma upinde, na hewa ya moto inapanda juu, mpaka upinde unaingia ndani ya chumba kidogo chenye vibati vingi vya chuma vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Tatu, vibati hivyo vinaukata upinde mmoja kuwa vipande vingi vifupi na kuupooza.

Juu ya nini kuukata vipande? Rudini kwenye hesabu ya Hertha. Ile 38.88 haijali urefu. Ni kama kodi ya mlangoni: upinde mfupi unalipa, mrefu pia unalipa. Kwa vyuma kodi hiyo ni ndogo kuliko ya makaa, tuseme karibu volti 20. Upinde mmoja unalipa mara moja. Lakini ukiukata vipande 15, kila kipande kinalipa chake, jumla karibu volti 300. Mashini inayotoa volti 220 za umeme wa upande mmoja haiwezi kulipa deni hilo, na moto unakufa. Kwa umeme wa kwenda na kurudi, kama ule wa manyumba yetu, tunapata msaada mwingine: mara 100 kwa kila sekunde unafika sifuri. Kazi ya vibati hapo ni kupooza ile nafasi upesi ili upinde usiwake tena. Mainjinia walichukua miaka mingi kupanga vibati hivyo vizuri. Mmoja wao, Joseph Slepian wa Marekani, aliendeleza sana kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920.

Kumbe Hertha alitafuta namna ya kuufanya upinde uishi vizuri, na wengine wakatumia elimu ile ile kuuua. Elimu ya kweli ina faida pande zote mbili.

Mwaka 1902 watu walipendekeza jina lake katika chama cha Royal Society, chama kikubwa cha wenye elimu wa Uingereza. Wakamkataa, sababu kwa sheria mwanamke aliyeolewa hakuweza kuwa memba. Lakini mwaka 1904 alisoma pale kazi yake nyingine, juu ya mawimbi ya mchanga, na mwaka 1906 chama hicho hicho kikampa medali ya Hughes. Kilipokea wanawake wa kwanza mwaka 1945. Katika vita ya 1914-1918 alitengeneza pepeo za mkono za kufukuza gazi ya sumu katika mahandaki, na zaidi ya 100,000 zilipelekwa kwa waaskari. Pia alisimama pamoja na wanawake waliodai haki ya kupiga kura. Alikufa mwezi wa 8 mwaka 1923.

Ndugu zetu, tukitoka hapa tukumbuke mambo mawili. La kwanza: disjonkteri ikianguka, tusiifunge kwa kamba wala tusiweke waya mnene badala ya fuzibli. Kitu kile kinapigana na moto kwa ajili yetu. Kukizuia ni kuuachia moto nyumba. La pili, na hasa kwa dada zetu wanaoambiwa kwamba hesabu na fizika ni kazi ya wanaume: karatasi za kazi ile ziliungua zote, na mlango wa Cambridge ulifunguliwa nusu tu. Hertha alichukua kalamu, akaanza kupima upya kutoka milimita ya kwanza.