Maisha ya Mohamed Amin, Mpiga Filimu wa Afrika ya Mashariki



Kila mwaka, mitihani ya taifa ikikaribia, sisi wa darasa la mwisho tunaulizana: kisha diplome, nini? Wengine wanataka udaktari, wengine ualimu. Kuna na wale wanaotaka kazi ya filimu na televizyo. Wanasema wataenda Kinshasa ao Goma, watashika kamera, na jina lao litajulikana. Wazazi wakisikia hivyo wanakasirika, kwani wanajua minervali ililipwa namna gani: kwa mihogo, kwa mawese na kwa madeni. Wanauliza: hiyo kazi itakulisha?

Swali lao si baya. Ndiyo sababu nimeona vema kuandika juu ya mtu mmoja aliyelijibu kwa maisha yake yote. Yeye alikuwa Mwislamu, na shule yetu ni ya Waprotestanti; lakini mtu wa kazi ni mfano kwa kila mtu.

Mohamed Amin alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943 katika mtaa wa Eastleigh, mjini Nairobi. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Bara Hindi, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Hawakuwa matajiri. Akiwa bado mtoto, jamaa ilihamia Tanganyika, na yeye akasoma Dar es Salaam. Huko akanunua kamera yake ya kwanza, Box Brownie, kamera ya watoto na ya watu wa makuta kidogo, tena iliyokwisha kutumika na mtu mwingine.

Wanafunzi wengine wenye kamera walipiga foto za marafiki na kuzibandika ukutani. Mohamed yeye aliona kwamba foto ni kitu cha kuuzwa. Akiwa angali shuleni alikwisha kuanza kupeleka foto zake kwenye magazeti. Mwaka 1963, alipokuwa na miaka 20 hivi, alianzisha kampuni yake Dar es Salaam, akaiita Camerapix. Tusidanganywe na neno kampuni. Ilikuwa ni yeye, kamera zake, na bidii yake ya kutafuta kazi.

Hapa nieleze kidogo namna kazi hii ilivyokwenda wakati ule, ili tuelewe ugumu wake. Ajansi za habari za televizyo, kama Visnews ya London, hazikuweza kuwa na mtu wa mshahara katika kila nchi. Zilitegemea watu wa kujitegemea, wanaolipwa kwa kila habari. Mtu wa namna hii hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Kamera ya Bolex aliyoitumia inakazwa kwa mkono kama saa ya zamani, na ukiikaza mara moja inakwenda kwa nusu dakika tu. Mzingo wa filimu wa futi 100 unakwisha kwa dakika tatu kasoro. Ukiisha kupiga, unakimbia kiwanja cha ndege, unatuma filimu London, kule inasafishwa, na mkubwa asiyekujua anaamua kama inafaa. Ikiwa haifai, jasho lako limepotea. Lakini mwenye nyumba hajui mambo ya London. Yeye anataka feza yake.

Mohamed alifanyaje? Alitumia akili ya mtu wa soko. Mama anayeuza samaki sokoni Nyangwe hawezi kungoja mnunuzi mmoja. Vilevile Mohamed, akienda penye habari moja, alibeba kamera za filimu na kamera za foto pamoja. Filimu ilikwenda kwa televizyo, foto zikaenda kwa magazeti. Mnunuzi mmoja akikataa, mwingine anakubali. Na kazi ndogo za mkate wa kila siku hakuzidharau, kwani ndizo zilizomfundisha mkono wake upesi.

Kisha ikaja Januari 1964. Tarehe 12 mwezi ule mapinduzi yalitokea Unguja, na sultani akakimbia. Dunia nzima ilitaka kuona, na Mohamed alikuwa karibu. Alipiga picha za mapinduzi yale, na ajansi za ng'ambo zikaanza kujua jina lake. Mwaka uleule huku kwetu Maniema tulikuwa na matata yetu, maana mwezi wa saba Simba waliingia Kindu. Afrika ya Mashariki na ya Kati ilikuwa habari ya kila siku, na yule kijana wa Box Brownie alikuwa tayari. Watu wanasema alikuwa na bahati. Mimi nasema bahati ilimkuta na filimu ndani ya kamera.

Lakini kazi hii inaleta pia mateso. Mwaka 1966 alikamatwa Unguja, kwa kuwa alikuwa amepiga picha za mambo ya kijeshi ambayo serikali haikutaka yaonekane. Alifungwa gerezani karibu majuma manne na kuteswa. Alipofunguliwa alifukuzwa Tanzania. Akarudi Nairobi, mji alikozaliwa, akiwa na miaka 23 hivi, na kazi yote aliyojenga Dar es Salaam imebaki nyuma. Ilimpasa kuanza tena mwanzo. Wengi wetu pale tungalitafuta kazi nyingine. Yeye alifungua Camerapix Nairobi, akaendelea kutafuta wanunuzi.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, waziri Tom Mboya alipigwa risasi katikati ya Nairobi. Mohamed alifika upesi sana, akapiga filimu ya dakika zile za huzuni. Kwa kazi hiyo, Uingereza ilimpa zawadi ya mpiga filimu bora wa televizyo wa mwaka 1969. Tangu ile siku hakuwa tena mtu wa kubisha hodi mlangoni. Mwaka 1980 yeye na Brian Barron wa BBC walimkuta Idi Amin katika Saudi Arabia, alikokimbilia baada ya kupinduliwa, wakamhoji mbele ya kamera.

Kazi iliyomjulisha kuliko zote ilikuwa ya Ethiopia. Mwaka 1984 njaa kubwa ilikuwa inaua watu kaskazini ya nchi ile, na serikali yake haikupenda wageni waione. Mohamed alihangaika mpaka akapata ruhusa, na mwezi wa Oktoba akafika Korem na Mekele pamoja na Michael Buerk wa BBC. Pale Korem walikuta watu kama 40,000 wamekaa katika baridi, wakingoja chakula ambacho hakikutosha. Tarehe 23 Oktoba 1984 filimu ile ilionyeshwa Uingereza, kisha televizyo za nchi mingi zikaichukua. Watu walilia nyumbani mwao. Waimbaji wa Uingereza wakatoa wimbo wa kuchanga feza, na tarehe 13 Julai 1985 kukawa na tamasha kubwa London na Philadelphia kwa siku moja. Serikali zilizokuwa zimenyamaza zikaanza kutuma chakula.

Sisi watu wa Nyangwe tunapaswa kuelewa jambo hili kuliko wengine. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa biashara ya watumwa walipiga bunduki katika soko letu, wakaua watu wengi, zaidi wanawake waliokuja kuuza. Livingstone alikuwa hapa, akaona kwa macho yake. Karatasi zilikuwa zimemwishia, hivyo aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa kujitengenezea. Maandishi yake yalipofika Uingereza mwaka 1872 yaliamsha hasira, na mwaka 1873 sultani wa Unguja alilazimishwa kufunga soko la watumwa. Livingstone alitumia gazeti kuukuu, Mohamed alitumia kamera. Kazi ni ileile: kuona, na kupeleka habari kwa wale wasioona.

Lakini kuna swali ambalo haifai kuliruka. Je, ni haki mtu kupata jina na feza kwa picha ya mtoto anayekufa kwa njaa? Wako watu wanaosema kwamba picha za namna ile zilifundisha Wazungu kutuona Waafrika kama watu wa kuombewa tu. Mimi naona kuna ukweli katika neno hilo, na kila mwenye kamera, hata ya simu, alifikiri kabla ya kubonyeza. Lakini naona pia kwamba picha zisingalipigwa, watu wale wangalikufa kimya. Kama mpiga filimu analipwa, hiyo peke yake si zambi. Zambi ni kumpiga mtu picha kama kitu, kisha kumsahau.

Na Mohamed mwenyewe alilipa bei yake. Tarehe 4 Juni 1991, ghala ya silaha ililipuka Addis Ababa. Mwenzake wa kazi, John Mathai, aliuawa palepale. Mohamed alipoteza mkono wake wa kushoto. Mpiga filimu bila mkono, tungesema amekwisha. Yeye alipata mkono wa kutengenezwa, akajifunza upya kushika kamera, akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa katika ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Vijana watatu waliiteka, wakataka iende Australia, ingawa mafuta hayakutosha. Mafuta yakaisha, na ndege ikaanguka baharini karibu na pwani ya Ngazija, katika Visiwa vya Komoro. Katika watu 175, walikufa 125. Mohamed Amin alikuwa mmoja wao, pamoja na Brian Tetley, mwandishi aliyefanya kazi naye. Alikuwa na miaka 53. Kampuni yake haikufa naye, kwani mwana wake Salim aliishika.

Wenzangu, maisha haya yanatufundisha nini?

Kwanza, Mohamed hakungoja kamera nzuri. Alianza na ile aliyoweza kuinunua.

Pili, hakuaibishwa na kazi ndogo. Yule anayetaka filimu na anadharau kupiga foto za arusi ao za kitambulisho, ajue kwamba anadharau posho yake na shule yake pamoja.

Tatu, wazazi wanapouliza kama kazi itatulisha, tusijibu kwa majina ya watu wakubwa. Tujibu kwa hesabu: kamera ni bei gani, nani atanunua kazi yangu, na mwezi usio na mnunuzi nitakula nini. Asiye na jibu kwa neno la tatu, ajifunze kwanza ushoni, useremala ao ualimu, na kamera aiweke pembeni yake, si mbali.

Nne, kazi hii inaweza kukuomba mkono, na hata uhai. Anayeitaka kwa sababu ya jina tu, heri aiache mapema. Lakini aliye na jambo la kuonyesha, huyo aanze, hata kama mfukoni mna makuta ya mzingo mmoja tu.