NYAATHA WA GIKONDI

Huku kwetu Nyeri makanisa ni mengi na Jumapili hujaa pomoni. Lakini hebu kahawa ikose bei au ugonjwa uingie nyumbani, ndipo utajua nani alikuwa akiimba kwa mdomo tu. Ndiyo sababu nimewaletea maisha ya Sista Irene Stefani, ambaye wazee wa Gikondi walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Alizaliwa Anfo, nchini Italia, tarehe 22 Agosti 1891. Mwaka wa 1911 alijiunga na Masista wa Consolata kule Turin, na Januari 1915 akafika Kenya. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeshaanza. Waingereza waliwachukua vijana wa huku, wengi kwa nguvu, wabebe mizigo ya jeshi. Hao ndio Kariakoo, jina ambalo hata leo limebaki Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa kwa maelfu, na si kwa risasi sana bali kwa kuhara, malaria na njaa.

Irene aliwauguza Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Hospitali zenyewe jina tu! Wagonjwa walizidi, dawa haba. Husimuliwa kwamba kule Kilwa alimtafuta mgonjwa wake mmoja, akaambiwa ameshapelekwa ufuoni pamoja na maiti. Wee, msichana wa miaka 25 hivi! Alikwenda akapekua maiti zile mpaka akamkuta, bado anapumua.

Mwaka wa 1920 akatumwa Gikondi. Alifundisha, tena akapanda na kushuka vilima vile na viatu vyake vizito kuwaona wagonjwa na akina mama waliojifungua. Wasiojua kusoma aliwaandikia barua kwa watoto wao waliokwenda kutafuta kazi mbali. Hilo la barua hunigusa kuliko yote, maana hata sisi wa kidato cha tatu tunaliweza, lakini wapi!

Oktoba 1930 tauni ilimshika mwalimu mmoja. Kila mtu alijua ugonjwa huo hauna mzaha, naye Irene pia alijua. Akamuuguza, ukamwambukiza, akafa tarehe 31 mwezi huo huo akiwa na miaka 39.

Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenyeheri papa hapa Nyeri, kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Watu walifurika, na bila shaka walikuwemo wajukuu wa wale aliowaandikia barua.