Mzee Kasa-Vubu, burugumesta wa Dendale



Wengi wetu tuliporudi toka ukimbizi, mlango wa kwanza tuliopiga hodi ulikuwa wa komini ao wa sheferi. Hapo ndipo wanatafuta jina lako katika kitabu. Hapo ndipo unasikia kama parseli ya baba yako ingali yako ao imepata mwenyewe mwingine. Kwa hiyo mara hii tunapenda kukumbuka mtu ambaye kila Mukongomani anamjua kama raisi wa kwanza wa inchi, lakini wachache wanakumbuka kwamba alianzia katika ofisi ya komini: Mzee Joseph Kasa-Vubu.

Alizaliwa katika miaka ya 1910 huko Mayombe, upande wa Tshela, Kongo ya Chini, mbali sana na sisi wa mashariki. Alisoma kwa mapadri mpaka seminari ya Kabwe katika Kasai, lakini mwaka 1939 aliacha njia ya upadri. Alifundisha shule, na toka 1942 akawa karani katika ofisi ya feza ya serikali ya kikoloni huko Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Hakuwa mtu wa makelele.

Siasa yake ilianza katika vyama vidogo, sawa hiki chetu. Wakati ule Wabelgiji hawakuruhusu watu weusi kuwa na vyama vya siasa. Waliruhusu vyama vya wanafunzi wa zamani, vya kabila na vya kusaidiana. Mzee alifanya kazi katika chama cha wanafunzi wa zamani wa mapadri wa Scheut. Halafu kukawa ABAKO, iliyoanzishwa mwaka 1950 kwa kulinda luga na desturi za Bakongo. Mwaka 1954 walimchagua kuwa mkubwa wake. Mwaka 1956, wakati wengine waliomba uhuru uje polepole, ABAKO iliutaka sasa.

Desemba 1957 Wabelgiji walikubali uchaguzi wa komini katika miji mitatu tu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Wanaume peke yao ndio walipiga kura. Huko Léopoldville ABAKO ilishinda kwa viti vingi, na Mzee akawa burugumesta wa Dendale. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, na wakubwa wa kizungu walibaki juu yake. Lakini tarehe 20 Aprili 1958, siku ya kuingia kazini, hakusema juu ya komini tu. Aliomba uchaguzi wa inchi nzima, na Wakongomani wajiongoze wenyewe. Wakubwa wakamkemea.

Tarehe 4 Januari 1959 mkutano wa ABAKO ulikatazwa. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mzee aliwaomba warudi nyumbani, lakini hasira ilikuwa imepanda, na watu wa mpira waliotoka uwanjani wakajiunga nao. Fujo ikachukua siku kadhaa. Askari wakapiga risasi, makumi ya watu wakafa. ABAKO ikavunjwa, Mzee akafungwa, akanyanganywa komini yake, kisha akapelekwa Ubelgiji. Mwezi wa tano akarudi, na watu wakamuheshimu kupita mbele. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Juni 1960, wabunge wakamchagua raisi, siku sita mbele ya uhuru.

Uraisi wake tunaujua: Septemba 1960 alimfukuza Lumumba, na mpaka leo kuna Wakongomani wasiomsamehe. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alimuondoa. Akarudi kwao, na tarehe 24 Machi 1969 akafa Boma.

Lakini kuna jambo lingine ambalo sisi wenye kurudi hatuwezi kulipita. Mwaka 1946, mbele ya wasomi wenzake, Mzee alitetea haki ya mwenye kukaa wa kwanza: udongo ni wa waliofika mbele. Maneno hayo yaliwagonga Wabelgiji, na ilikuwa haki yao kugongwa. Lakini yaliwagusa pia Wakongomani wengine waliokuja Léopoldville kutafuta kazi. Huko Elisabethville uchaguzi ule ule wa 1957 ulitoa maburugumesta wengi waliotoka inje ya Katanga. Wenyeji wakakasirika, na mwaka 1958 wakaanzisha Conakat. Katika miaka ya 1992 na 1993 tuliona maneno hayo yanafika wapi: watu wa Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu, na watoto waliozaliwa pale pale.

Kisha tuangalie jamaa yake. Kisha kifo cha Mzee, mke na watoto wa raisi wa kwanza wa Kongo walikuwa wakimbizi, kwanza Algeria, halafu Uswisi. Binti yake Justine alirudi katika miaka ya 1990, na mwaka 1997 akawa waziri. Hata nyumba ya raisi ilijua maana ya kukaa kwa watu na kurudi.

Leo komini ya Dendale inaitwa Kasa-Vubu. Sisi tunachukua kwake uhodari ule wa kusimama katika ofisi ndogo na kuomba haki ya wote. Haki ya mwenye kukaa wa kwanza tunaipima polepole. Katika vikao vyetu vya parseli, anayerudi na kartasi ya baba yake anasema ni yeye wa kwanza. Aliyelima pale miaka kumi na kuzika watoto wake anasema ni yeye. Wote wawili ni Wakongomani. Kwa hiyo tunawaomba wanachama: mbele ya kwenda kwa hakimu, njooni kwenye kamati, na huyo mwingine mumuite pia.