Mfalme Aliyebadili Alama ya Dhahabu Yake

Mchimbaji mdogo wa Kakola akipeleka dhahabu yake kwa mnunuzi mjini Kahama, mizani hupima gramu, wala hakuna anayeuliza dhahabu ile imebeba jina la nani. Siku za Ezana, mfalme wa Aksum katika Uhabeshi, karne ya 4, waliuliza.

Ezana alirithi kiti cha baba yake akiwa bado mtoto, na mama yake akatawala kwa niaba yake. Aliyemsaidia malkia alikuwa mateka: Frumentius, kijana wa Tiro, ambaye wenzake wa merikebuni waliuawa katika pwani ya Bahari ya Shamu. Alitumia cheo chake kuwapatia wafanyabiashara Wakristo mahali pa kuomba. Ezana alipokua, Frumentius alikwenda Iskanderia kumwomba Athanasius apeleke askofu Aksum. Athanasius akamweka wakfu yeye mwenyewe, akamrudisha.

Miji mingi ya majimbo ya Roma iliwahi kupiga sarafu za shaba, lakini dhahabu Kaisari aliishika mwenyewe. Hata dinari ya fedha aliyoonyeshwa Yesu (Mathayo 22) ilikuwa na sura ya Kaisari. Ezana hakuwa chini ya Roma, naye alipiga dhahabu: sura yake katikati ya masuke mawili, maandishi ya Kiyunani, na uzito uliokaribia vipimo vya Roma ili wageni waipokee. Juu ya kichwa chake palikuwa na mwezi mwandamo na duara, alama za dini ya baba zake. Katika maandishi ya mawe alijiita mwana wa Mahrem, mungu wa vita.

Kisha mwezi ukaondolewa, msalaba ukawekwa. Haikuwa hatua ndogo. Aliyejiita mwana wa mungu alikuwa akikana nasaba iliyokitegemeza kiti chake, na kila askari na mfanyabiashara aliyeshika sarafu ile aliona. Vita hakuviacha, maandishi yake ya baadaye bado yanahesabu ushindi, ila sasa anamshukuru Bwana wa mbinguni.

Karibu na mwaka 356 Kaisari Constantius, aliyempinga Athanasius, alimwandikia Ezana na ndugu yake Saizana wamrudishe Frumentius Iskanderia akahojiwe imani yake. Roma ilikuwa mnunuzi mkubwa wa bidhaa za Aksum. Frumentius alibaki Aksum, na wafalme waliofuata wakaendelea kupiga msalaba kwenye dhahabu yao.